Abu Zeid al-Balkhi na Dawa za Nafsi

Bismillahi Rahmani Rahim. Himdi zote ni zake Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad na Aali zake na Sahaba zake wote. Amma baad:

Ndugu zetu wa darasa wametutaka tuandike khabari za mmoja katika wanavyuoni waliotangulia, ili vijana wetu wajue walikotoka. Safari hii nimemchagua mtu ambaye jina lake lilivuma Khurasani na Iraki kwa muda wa miaka elfu na zaidi, na wenye kusoma tarikhi wamjua. Lakini wengi katika sisi twamjua kwa jina tu, na kitabu chake kilicho bora kwetu sisi hatukukifungua.

Nalo lililonisukuma kumwandika ni jambo lililonipata mimi mwenyewe. Miaka kadha iliyopita mtu mmoja alinijia baada ya darasa ya Magharibi, akanambia kuwa kijana wake, tangu kufa mamake, hatoki nyumbani, hali ila kwa kulazimishwa, na usiku hupita chumbani akizungumza na fikra zake. Nikamjibu upesi upesi kuwa kijana imani yake ni dhaifu, na azidishe nyiradi. Yule baba aliinamisha kichwa, akaniaga, wala hakurudi kwangu. Baadaye nikasikia kuwa kijana alipelekwa kupungwa pepo, akapigiwa ngoma siku saba, akatoka hali yake ni mbaya kuliko alivyoingia. Nami nikajiuliza: aliyempeleka huko si mimi, kwa kumfungia mlango wa kwangu? Swala hilo halikuniacha mpaka nilipokisoma kitabu cha Abu Zeid, nikajua kuwa jibu la khabari ile lilikuwa limeandikwa zamani, tena na mtu wa mila yetu.

NASABA YAKE NA KUZALIWA KWAKE

Jina lake ni Ahmad bin Sahl, na kuniya yake ni Abu Zeid. Alizaliwa mwaka 235 H. (850 M.) katika kijiji kiitwacho Shamistiyan, karibu na mji wa Balkh. Mji huo ulikuwa katika miji mikubwa ya Khurasani, na leo mahali pake ni kaskazini ya nchi ya Afghanistan. Babake alikuwa mwalimu wa watoto, asili yake ni Sijistani. Hawakuwa watu wa mali wala wa cheo. Abu Zeid naye alianza kazi kwa kusomesha watoto kama babake, kisha ilimu ikamwinua mpaka wafalme wakamtaka.

Wenye kutaja sifa zake wasema kuwa alikuwa mtu wa kimo cha kati na kati, mwembamba, mweusimweusi wa rangi ya manjano, macho yamemtoka, na usoni ana makovu ya ndui. Alikuwa mtu wa kimya kingi, mwenye utulivu na haiba. Haya nayataja si kwa kupamba maneno, bali ili msomaji ajue kuwa mtu huyu alionja maradhi na ufukara tangu udogo wake. Aliyoyaandika juu ya dhiki hakuyaandika akiwa juu ya godoro la hariri.

KUSAFIRI KWAKE KUTAFUTA ILIMU

Alipokuwa kijana alifuatana na msafara wa mahujaji, akaenda Iraki kwa miguu. Akakaa huko miaka minane, akisoma kwa wanavyuoni wa mji wa Baghdad na miji mingine. Mkubwa wa waalimu wake alikuwa Yaakub bin Is-haka al-Kindi, aliyekuwa mashuhuri kwa falsafa, hisabu na utabibu. Al-Kindi alikuwa ameandika risala juu ya hila za kuondoa huzuni, na bila shaka mbegu ya aliyokuja kuyaandika mwanafunzi wake ilipandwa huko.

Lakini miaka hiyo haikuwa ya raha kwa moyo wake. Abu Zeid alitoka kwao akiwa katika madhehebu ya Maimamiya, akimtafuta imamu. Kisha akaingia katika falsafa na ilimu ya nyota, akazama humo mpaka akashikwa na bumbuwazi, hajui ashike lipi aache lipi. Mwenyezi Mungu akamwongoa, akatulia juu ya njia iliyonyoka, akawa mtu wa kushika sala na kuheshimu mambo ya dini. Basi na atazame yule ambaye kila akipatwa na dhiki humwendea mpiga ramli amtazamie nyota yake: Abu Zeid alizijua nyota kwa ilimu, si kwa kubahatisha, naye akaona kuwa hazikumpa utulivu.

KURUDI KWAKE BALKH

Baada ya miaka minane alirudi kwao, naye ni bahari ya ilimu. Aliandika vitabu vipatavyo sitini, katika tafsiri, lugha, siasa, utabibu na sura za nchi. Kitabu chake cha ramani za dunia ya Kiislamu ndicho alichojengea al-Istakhri, na al-Istakhri akafuatwa na Ibn Haukal. Hata leo wenye kuchunguza ilimu hiyo wawaita watu hao kwa jina la madrasa ya Balkhi. Katika wanafunzi wake alikuwamo mwanafalsafa Abul-Hasan al-Amiri.

Alipotawala Khurasani Ahmad bin Sahl al-Marwazi, ambaye hana udugu na Abu Zeid ingawa majina yao yafanana, alitaka kumfanya waziri wake. Abu Zeid akakataa. Uwazira akapewa rafiki yake Abul-Kasim al-Kaabi, na yeye Abu Zeid akaridhika na ukatibu. Waziri alipangiwa dirhamu 1,000 kila mwezi, na katibu 500. Al-Kaabi akamwamrisha mtunza hazina apunguze 100 katika zake azitie katika za Abu Zeid, ikawa huyu ana 900 na huyu 600. Hao walikuwa marafiki wawili, kila mmoja na rai yake katika mambo mengi ya ilimu, na hapakuwa na husuda baina yao. Haukupita muda mrefu, mtawala yule akashindwa vitani, akafia gerezani huko Bukhara. Abu Zeid aliyekataa cheo kikubwa akasalimika, akanunua shamba katika kijiji chao alichozaliwa.

Walakini hakusalimika na mitihani. Alikuwapo mkubwa mmoja, Husein bin Ali al-Marwazi, ambaye yeye pamoja na nduguye walikuwa wakimpa Abu Zeid posho ya daima. Abu Zeid alipoandika kitabu juu ya taawili za Kurani, yule Husein, ambaye alikuwa na madhehebu ya Karamita, akaikata posho ile. Naye al-Jaihani, waziri wa Amiri Nasr bin Ahmad, alikuwa akimletea vipawa. Abu Zeid alipoandika kitabu juu ya vichinjwa na sadaka za kuchinja, vipawa navyo vikakoma. Juu ya hayo, watu wakamsingizia kuwa ametoka katika dini. Mara mbili riziki yake ilikatwa kwa sababu ya kalamu yake, na kalamu hakuiweka chini.

KITABU CHAKE JUU YA MIILI NA NAFSI

Katika vitabu vyake vingi, kilichonifanya niandike waraka huu ni kile kiitwacho Masalihul-Abdani wal-Anfus, maana yake mambo yaifaayo miili na nafsi. Sehemu ya kwanza ni ya mwili, nayo ina milango 14. Sehemu ya pili ni ya nafsi, nayo ina milango 8. Aliona kuwa matabibu wa zama zake waliandika sana juu ya homa na majeraha, na juu ya maradhi ya nafsi hawakuandika ipasavyo. Hoja yake ni nyepesi. Kuna watu waishio miaka mingi bila ya maradhi makubwa ya mwili. Lakini hapana mtu, mfalme wala maskini, apitishaye siku zake bila ya kuguswa na ghadhabu au khofu au huzuni. Basi vipi ijulikane dawa ya lile lijalo mara moja moja, na isijulikane dawa ya lile lijalo kila siku? Tena mwili na nafsi ni washirika: mwili ukiumwa, akili haifanyi kazi yake, na nafsi ikidhikika, mwili hauoni ladha ya chakula wala usingizi.

Kisha akaeleza kanuni yake kubwa. Mtu mwenye busara huweka dawa nyumbani angali mzima, ili yakimzukia maumivu usiku asihangaike. Hali kadhalika na aweke moyoni, wakati wa utulivu, fikra njema zilizopimwa na kuhakikishwa, ili ghadhabu au khofu ikimvamia azikute tayari. Kwani wakati wa kuvamiwa si wakati wa kutafuta. Akili nayo huwa imefunikwa. Na dawa, kwake yeye, ni za namna mbili: moja hutoka nje, nayo ni maneno ya mshauri mwema na kuondoka mahali pa shari, ya pili hutoka ndani, nayo ni fikra ambayo mtu huipinga fikra nyingine kwayo. Akaongeza kuwa yampasa kila mtu ajue kadiri ya nafsi yake. Mwenye nafsi dhaifu asijitwike mambo ambayo wenye nafsi za nguvu huyatwaa. Na ajue tangu awali kuwa dunia haikuumbwa ili impe kila atakalo.

Baada ya hayo akayataja maradhi manne.

La kwanza ni ghadhabu. Dawa yake ni mtu kujizoeza kuyavumilia madogo: mtumishi aliyechelewa, chombo kilichovunjika, neno la kipuuzi. Mwenye kuvimba kwa madogo hatayaweza makubwa. Na ghadhabu ikipanda, na akumbuke majuto yanayofuata, na uzuri wa kusamehe ilhali una uwezo wa kulipiza.

La pili ni khofu. Alisema kuwa mengi tunayoyaogopa, yakifika, madhara yake huwa ni madogo kuliko khofu yake. Akatoa mfano wa mtu asiyepata kuona ukungu. Auonapo kwa mbali hudhani ni kitu kizito, hakipitiki, na aingiaye humo hatapata pumzi. Akiuingia hukuta ni hewa kama hewa nyingine. Na nafsi, kwa rai yake, huzoezwa: mtu hulisogelea lile aliogopalo mara kwa mara, na kulisikia na kuliona, mpaka nafsi ikalizoea.

La tatu ni huzuni. Khofu ni ya lijalo, na huzuni ni ya lililopita. Akaipambanua huzuni na jazaa, yaani kupapatika kwa msiba: jazaa ni kama ndimi za moto, na huzuni ni kama makaa yabakiayo baada ya ndimi kuzimika. Kisha akasema neno ambalo ningalilijua siku ile, nisingalimjibu yule baba kama nilivyomjibu. Alisema kuwa huzuni ni za namna mbili. Moja sababu yake yajulikana, kama kufiwa au kupotewa na mali. Hii hutibiwa kwa fikra na kwa maneno ya wapenzi. Mwenye msiba hukumbushwa kuwa wengi walifiwa kabla yake, wakalia, kisha wakasimama. Na kuwa nafsi yake ni amana, asiiangamize juu ya alichokikosa. Na ayahisabu yaliyobaki mkononi mwake. Namna ya pili ni huzuni isiyojulikana sababu. Mtu hudhikika, roho yake haina raha, na ukimwuliza ana nini hajui la kujibu. Hii, kwa ilimu ya utabibu ya zama zake, aliinasibisha na kuharibika kwa damu, akaamrisha itibiwe kwa dawa za mwili pamoja na kumchangamsha mgonjwa kwa mazungumzo na watu awapendao. Utabibu wa damu ule umekwisha kupitwa, lakini asili ya neno lake imesimama: si kila huzuni ni upungufu wa imani, na huzuni nyingine yataka tabibu.

La nne ni wasiwasi, yaani fikra mbaya zinazomrudia mtu zikamshughulisha na kazi yake na raha yake, khasa fikra kuwa ana ugonjwa au kuwa baa limemkaribia. Dawa ya kwanza ni kuukimbia upweke, kwani upweke ndio shamba la wasiwasi. Na akae na watu, na ajishughulishe na kazi. Ya pili ni kuipima fikra yake kwa fikra za wenzake: ikiwa watu wenye akili walio mahali pamoja naye hawaioni khatari aionayo yeye, na ajue kuwa kasoro iko katika fikra yake, si katika dunia. Ya tatu ni kukumbuka kuwa Mwenyezi Mungu ameujenga ulimwengu huu juu ya salama zaidi kuliko maangamizo, na kila ugonjwa ameuwekea dawa. Nani katika sisi hajamwona mtu atawadhaye mara saba, na takbiri ya sala airudiaye mpaka imamu akarukuu? Twamcheka au twamkemea. Yeye ndani anateketea.

KHABARI YAKE NA MTO WA JAIHUN

Yasimuliwa kuwa Amiri wa Bukhara alimwita Abu Zeid aende akamsaidie katika utawala wake. Akatoka, akafika ukingo wa Mto Jaihun. Alipoona upana wake na mawimbi yake na jinsi maji yanavyokwenda kasi, akasimama. Akamwandikia Amiri kuwa, ikiwa amemwita kwa kusikia kuwa ana rai njema, basi rai hiyo hiyo ndiyo imkatazayo kuuvuka mto ule. Amiri alicheka, akamruhusu arudi kwao.

Huenda msomaji akastaajabu: vipi aliyeandika dawa ya khofu ashindwe na mto? Nami nililifikiri sana jambo hili. Naona kuwa mtu yule aliijua kadiri ya nafsi yake kama alivyotuusia, na akalisema wazi mbele ya mfalme bila ya kuona haya, wala hakusingizia homa au msiba nyumbani. Sisi twaficha. Mwanamume wa kwetu akishikwa na khofu au dhiki ya moyo, ni kheri kwake aseme aumwa na mgongo. Na kuficha huko ndiko kunakomleta kwetu akiwa amekwisha kuharibika.

KUFA KWAKE NA KHABARI YA KITABU

Abu Zeid alifariki mwaka 322 H. (934 M.), umri wake ni miaka 87 kwa hisabu ya Hijra. Vingi katika vitabu vyake vimepotea. Kitabu hiki kilisalimika katika nakala za mkono zilizohifadhiwa Istanbul, katika khazina ya Ayasofya, wala hakikupata wasomaji wengi. Mwaka 1984 nakala yake ilipigwa picha ikatolewa huko Frankfurt kwa jitihada ya mwanachuoni Fuat Sezgin. Na mwaka 2013 sehemu ya nafsi ikatoka kwa Kiingereza, imefasiriwa na Malik Badri wa Sudan, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliyefariki mwaka 2021.

Baina ya miaka hiyo dunia haikungoja. Mwaka 1958 tabibu wa Afrika Kusini, Joseph Wolpe, alitoa kitabu juu ya kuitibu khofu kwa kuizoesha nafsi kidogo kidogo. Na katika miaka ya 1960 Aaron Beck wa Marekani akatengeneza njia ya kuitibu huzuni kwa kuzipima fikra za mgonjwa. Sisemi kuwa walichukua kwa Abu Zeid. Walifika kwa miguu yao. Wala sioni hapa pa kujisifu. Wao walichunguza, wakajaribu, wakawatibu watu wao. Nasi tulikuwa na kitabu kabatini, na watu wetu tukawapeleka ngomani.

LIPASALO KUSHIKWA

Enyi ndugu, maisha ya mtu huyu yana mafunzo kwa walio hai. Mwenye dhiki ya moyo si mwenda wazimu, wala si lazima awe na pepo, wala haifai kuambiwa na sheikh kuwa imani yake ni mbovu. Nabii Yaakub, amani iwe juu yake, alihuzunika kwa mwanawe mpaka macho yake yakapofuka, naye ni Mtume. Sala, dua na kumtaja Mwenyezi Mungu ni nguzo zetu, hatuziachi. Lakini kuziweka mahali pa tabibu, au kumkataza mgonjwa tabibu kwa jina lake Mwenyezi Mungu, ni kuidhulumu dini na kumdhulumu mgonjwa. Ama hirizi, ramli na ngoma za pepo, hizo hula mali ya watu na kuyachelewesha matibabu, na dhambi yake yajulikana.

Basi akikujia mwenye huzuni, kaa naye. Msikilize mpaka amalize. Usimwache peke yake, na ukiona kuwa dhiki imepita kiasi, mpeleke hospitali ufuatane naye mwenyewe, wala usimwelekeze kwa kidole tu.

Ama yule kijana, babake alimtoa huko kulikopigwa ngoma akampeleka kwa daktari, na nimesikia kuwa sasa anafanya kazi na amerejea sala ya jamaa. Mimi nilimwendea babake nyumbani kwake, nikamtaka radhi. Alinikaribisha kahawa, akanambia kuwa alikwisha nisamehe siku nyingi. Ila alitamani siku ile ningalimwuliza kwanza kijana alikuwa akisema nini na fikra zake usiku.

Twamwomba Mwenyezi Mungu amrehemu Abu Zeid na wanavyuoni wote waliotangulia, awaponye wagonjwa wetu wa miili na wa nafsi, na atufungue macho tuyaone yaliyomo makabatini mwetu. Wabillahi tawfiki.